Fomu Inafungwa Ijumaa

Viresh,
umeniuliza kwa simu, umeshusha sauti baba asisikie,
digrii ipi inafaulisha mtihani wa serikali.
Nilikuwa bombani na ndoo, foleni nyuma yangu;
nikasema nitakuandikia. Naandika.

Chumba changu hapa Dharwad unakijua: mbao nyembamba
zimekigawa cha mtu mmoja kikawa cha watatu.
Kushoto Sharada anakariri ibara za katiba,
hata usingizini hazimtoki.
Kulia kuna msichana wa Bidar. Jina lake silijui,
nakijua kikohozi chake.
Chini wanapika peda. Tangu saa kumi alfajiri
maziwa yanakaukia sufuriani, sukari inaungua,
na mimi nakariri mito ndani ya harufu hiyo:
Krishna, Bhima, Tungabhadra.
Peda yenyewe sijanunua hata moja.

Walimu wa hapa kila mmoja ana digrii ya kunadi.
Wa ghorofa ya pili huapa kwa historia.
Wa mkabala na stendi anasema jiografia,
ina ramani, na ramani zina maksi.
Wahandisi wanakuja wamechelewa na bado wanatupita,
kwa hiyo wengine husema: soma uhandisi kwanza,
kisha uusahau.
Miaka minne ya kusoma kitu ili ukisahau!
Hata mimi niliona ni akili.

Baba anataka uhandisi. Mtoto wa jirani yuko Bengaluru,
ana gari jeupe. Baba hataji gari, anasema "usalama".
Usimbishie. Nilipokuja huku
aliuza ng'ombe wawili wa plau, hakuniambia;
nilijua nilipokuta kamba zao
zimefungia mlango wa ghala.

Mara ya tatu nilivuka mchujo. Niliandika karatasi zote
mpaka kidole cha kati kikaota sugu.
Nikaitwa usaili: watu watano, meza ndefu,
glasi ya maji nisiyojua kama ni yangu.
Mmoja akasoma fomu: shahada ya kilimo, sayansi ya udongo.
Akauliza, wala si kwa ubaya, "Mbona unataka ofisi?"
Jibu nilikuwa nalo. Nililikariri kwa lugha mbili.
Likatoka laini kama sabuni, likaniponyoka.
Maksi tatu, Viresh.
Kwetu hatuli nyama, lakini ng'ombe yule
nilimla mzima, mkia ukanishinda.

Sikulia pale. Wakati wa kurudi nilishuka basi kabla ya mji,
kwenye mashamba ya pamba. Mvua ilikuwa imekatika punde.
Nikachota udongo mweusi, nikauviringisha kiganjani
ukawa uzi, uzi nikaukunja pete,
na pete haikukatika.
Mfinyanzi mtupu: kiangazi unapasuka, masika unameza mguu,
lakini haumwachi mtama na kiu.
Hilo nalijua bila kulikariri.
Hilo ndilo ningemwambia yule bwana,
na kwamba karani aliyekuja kupima shamba letu
aliandika "changarawe" bila kuinama.

Basi inayofaulisha siijui.
Naijua itakayobaki mkononi
asubuhi ile nambari yako haimo kwenye orodha
na bado lazima upige mswaki.
Wewe ulikuwa ukiifungua redio ya babu,
ukiifunga tena skrubu moja imebaki nje,
na redio inaongea.
Huenda baba amepatia, kwa sababu nyingine kabisa.
Huenda pia ulitaka tu kujua nani yumo ndani.
Mimi sikuwahi kukuuliza.

Juni naingia tena. Nimesema ni mara ya mwisho,
Sharada amecheka upande wa pili wa mbao:
anadai mwaka jana nilisema hivyo hivyo.

Fomu inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni.
Tumia kalamu nyeusi. Jina la baba
liandike kama lilivyo kwenye cheti, kwa a mbili;
mimi walinirudisha kwa hiyo moja.